Mashine Ikikataa, Soma Imesema Nini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa)



Nimetakiwa nieleze kidogo juu ya kazi yangu ya kutunza kompyuta. Muda ni mfupi, kwa hiyo nitashika jambo moja tu. Umeandika maagizo yako katika faili, yaani skripti. Unaiamuru mashine iyatekeleze, nayo inakataa. Ufanyeje?

Mashine ninazozisema ni za jamii ya Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani. Linux nayo imefuata mwendo huohuo. Mashine hizi hazikatai ovyo. Zikikataa hutaja sababu, na sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni "command not found", yaani amri haikuonekana. Mara nyingi faili lipo palepale ulipo, lakini mashine haitafuti hapo. Hutafuta tu katika orodha ya mahali iitwayo PATH. Hiyo ni hekima, maana mtu mbaya angeweza kuacha faili lenye jina la amri ya kawaida katika folda ya watu wote, nawe ukaliendesha bila kujua. Dawa yake ni kutaja mahali waziwazi: andika ./nakala.sh badala ya nakala.sh.

Ya pili ni "Permission denied", yaani huna ruhusa. Andika ls -l, utaona herufi tisa za ruhusa: tatu za mwenye faili, tatu za kikundi, tatu za watu wengine. Herufi x ndiyo ruhusa ya kutekeleza. Ikikosekana kwako mwenye faili, andika chmod u+x nakala.sh, basi. Kama x ipo na bado unakataliwa, tazama kama diski imewekewa sharti la noexec.

Vijana, mtasikia watu wakishauri chmod 777. Msiwafuate. Namba hiyo inampa kila mtumiaji wa mashine uwezo wa kuyabadili maagizo yako. Kama faili hilo huendeshwa na msimamizi mkuu, maagizo ya mwizi yatatekelezwa kwa mamlaka ya msimamizi. Aliyepoteza ufunguo hang'oi mlango.

Ya tatu ni "bad interpreter". Mstari wa kwanza wa skripti huanza na alama #!, kisha hutaja mkalimani wa maagizo, kwa mfano #!/bin/bash. Sasa, Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Unix kwa moja. Faili likiandikwa kule na kuletwa huku, ile alama ya ziada hugandana na jina la mkalimani, na mashine humtafuta mtu asiyekuwapo. Andika cat -A nakala.sh; ukiona ^M mwishoni mwa mistari, iondoe kwa dos2unix nakala.sh.

Msidhani haya ni mambo madogo. Niliitwa katika ofisi moja ambayo diski yake ilikuwa imekufa. Maagizo ya kuchukua nakala za mishahara yalipangwa kutekelezwa kila usiku. Lakini mtu aliyasahihisha kwenye Windows, na tangu siku hiyo hayakutekelezwa hata mara moja. Kila usiku mashine iliandika kosa hilo katika sanduku lake la barua, hakuna aliyelifungua. Hesabu za miezi mitatu zikaandikwa upya kutoka kwenye karatasi, na wafanyakazi wenye watoto wa kulisha wakangoja mshahara.

Kwa hiyo nawasihi: kabla ya kubadili chochote, soma ujumbe hadi mwisho. Kisha andika echo $?. Kwa kawaida 127 maana yake amri haikuonekana, na 126 imeonekana lakini haitekelezeki. Rekebisha jambo moja, jaribu, ndipo uende kwa jingine. Na kazi uliyoipanga usiku, iulize asubuhi kama imefanyika.

Ndugu Mwenyekiti, maneno yangu yanakoma hapa. Wanafunzi wenye maswali wanione baada ya chakula.