MASHUA ZA TANGA KATIKA MICHEZO YA VISIWA VYA BAHARI YA HINDI

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi. Yanachapishwa kwa manufaa ya wasomaji wote.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya mashindano ya mashua za tanga katika Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi. Nashukuru kwa heshima hiyo.

Michezo hiyo ilianza mwaka 1979 katika kisiwa cha Réunion. Hivi leo washiriki wake ni saba: Komoro, Madagaska, Maldivi, Mayotte, Morisi, Réunion na Shelisheli. Orodha ya michezo hubadilika, na mashua hazimo kila safari. Zilikuwamo mwaka 2011 huko Shelisheli na mwaka 2019 huko Morisi. Sisi wa Unguja na Pemba hatumo katika umoja huo. Hata hivyo, kusi iliyojaza matanga ya Shelisheli mwezi wa Agosti ndiyo hiyo hiyo inayovuma katika pwani zetu, na yaliyo katika mchezo huu yanatuhusu.

Wengi wetu tumezoea resi za ngalawa siku za sikukuu. Pale kila nahodha huja na chombo chake, na pengine ushindi huwa ni wa fundi aliyekichonga kuliko wa baharia aliyekiendesha. Katika mashindano ninayoyazungumzia, vyombo ni vya namna moja na hukaguliwa kwa kipimo. Laser, ambayo sasa huitwa pia ILCA, ni mashua ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 4.2 na tanga moja. Watoto wasiozidi miaka 15 hutumia Optimist, kijishua cha mita 2.3. Kwa kuwa vyombo ni sawa, hutafutwa nani ajuaye zaidi.

Mbio huzunguka maboya. Kwa kawaida boya la kwanza huwekwa upande unakotoka upepo, hata mashindano yaanze kwa kupiga bisha, mara kulia mara kushoto. Ishara ya kwanza hutolewa dakika 5 kabla ya kuanza. Atakayevuka mstari kabla ya wakati hana budi arudi na aanze upya. Mshindi wa kwanza hupata pointi 1, wa pili pointi 2, na kuendelea. Hufanyika mbio kadhaa, na mwenye pointi chache ndiye bingwa. Kwa hiyo ushindi wa siku moja hautoshi.

Ndugu wananchi, jambo ninalotaka tulizingatie zaidi ni sheria. Mashua mbili zinapokutana, inayopata upepo kwa mkono wa kulia ina haki ya njia, na nyingine ni lazima iipishe. Mwenye kuvunja sheria hiyo hangoji filimbi. Hujiadhibu mwenyewe kwa kuzungusha mashua yake mara mbili, huku wenzake wakimpita. Akikataa, aliyedhulumiwa hutangaza malalamiko hapo hapo baharini, na wakirudi pwani wote wawili husikilizwa na waamuzi. Sisi watumishi, ambao kazi zetu nyingi hazina msimamizi wa kila saa, tunalo la kujifunza hapo.

Na sheria iliyotangulia zote ni kumsaidia aliye hatarini. Katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, mashua zilishindania bahari ya Pusan. Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa katika nafasi ya pili alipowaona mabaharia wawili wa Singapore ndani ya maji, mashua yao imepinduka katika upepo mkali. Aliacha mbio, akawaokoa, akangoja mpaka chombo cha uokoaji kilipowachukua. Waamuzi walimrudishia nafasi yake ya pili katika mbio hizo. Wazee wetu wa bahari wasingeshangaa, maana kwao mtu hakumpita mwenzake anayezama.

Yapo mawazo kwamba mchezo huu ni wa mataifa makubwa. Shelisheli ina watu wapatao laki moja tu, lakini mabaharia wake wamefika Olimpiki: Allan Julie alishiriki Atlanta mwaka 1996, na Rodney Govinden alishiriki Rio de Janeiro mwaka 2016. Walianzia katika bahari kama yetu.

Nahitimisha kwa mapendekezo matatu. Kwanza, kila mtoto wa kisiwa afundishwe kuogelea, na asipande chombo cha mashindano bila jaketi la kuokolea maisha. Pili, skuli za pwani zianze na vijishua vichache vya kugawana, badala ya kungoja vingi visivyopatikana. Tatu, wajitokeze watumishi na wazee wenye ujuzi wa pepo na mikondo wajifunze uamuzi, kwa sababu mashindano bila waamuzi waadilifu huzaa ugomvi.

Vijana wetu wanaujua upepo tangu utotoni. Ujuzi huo ni mtaji, lakini haujawa ushindi. Kilichobaki ni vipimo, sheria na mazoezi, na hivyo hatuwezi kuwaachia watoto wavitafute peke yao.