Kijana wa Kompyuta na Elimu ya Watu



Mzazi mmoja wa hapa Gisenyi ameniuliza: mwanawe asomaye kompyuta, ya nini kuongeza masomo ya biashara na ya tabia za watu kazini? Ada ni nzito, nami namwelewa.

Natuitazame M-Pesa. Mwaka 2005, huko Kenya, ilijaribiwa ili wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Mitambo ilikwenda, lakini watu wakaitumia vingine, wakipelekeana fedha wao kwa wao. Wenye kazi wangelitazama mashine tu, wangelisema watu wamekosea. Wao wakawatazama watu, wakageuza shauri. Na Machi 2007 ikatolewa kwa kazi hiyo ya kupelekeana.

Basi mama avukaye mpaka na nyanya zake kwenda Goma, hesabu yake i kichwani, kwa faranga zetu na za Kongo. Atakayemtengenezea programu bila ya kuijua biashara yake, wala hofu yake ya ushuru, atatengeneza kitu kisichoshikwa na mtu.

Mimi sikupita madrasa na shule ya msingi. Lakini mzazi yule nimemwambia amwache mtoto ayasome yote matatu, na tuje tuzungumze habari ya ada.