Neno "right" la Kiingereza katika Kirusi na Kiswahili: Funzo kwa Mfasiri wa Sheria



Mada yangu leo ni neno la Kiingereza lenye silabi moja tu: right. Nitalifuata hadi katika Kirusi, kisha nitalirejesha katika Kiswahili. Kirusi nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, lugha hiyo na yetu zimewahi kukutana pasipo Kiingereza kuwa mshenga: kamusi ya Kiswahili na Kirusi iliyohaririwa na D. A. Olderogge ilichapishwa Moscow mwaka 1961. Pili, tumezoea kukipima Kiswahili kwa kipimo cha Kiingereza peke yake. Lugha ya tatu hutusaidia kuona lipi ni la Kiingereza na lipi ni letu. Maneno ya Kirusi nitayaandika kwa herufi za Kirumi.

1. Mzizi mmoja, matawi mengi

Mkono wa kulia kwa Kirusi ni pravaya ruka. Jibu sahihi ni pravilnyi otvet. Anayekubali hoja ya mwenzake humwambia ty prav, yaani "hukukosea". Haki ya kupiga kura ni pravo golosa. Katika mifano yote minne Mwingereza hutumia right, naye Mrusi hutumia mzizi prav-. Mwanafunzi akiishia hapo atadhani kwamba lugha hizi mbili zimegawana maana sawa kwa sawa.

Lakini tuendelee. Pembemraba, ambayo kwa Kiingereza huitwa pia kwa right, kwa Kirusi ni pryamoi ugol, na "sasa hivi" ni pryamo seichas. Pryamoi maana yake ni "-nyofu". Upande wa kitambaa unaostahili kuonekana huitwa litsevaya storona, yaani upande wa uso. Nako kule kuitikia kwa Kiingereza, all right, Mrusi husema ladno au khorosho, kama sisi tunavyosema "haya" au "vyema" kulingana na mazungumzo.

Historia inaeleza sehemu ya jambo hili. Right ilianza na maana ya unyofu, nayo ina undugu na neno la Kilatini rectus. Katika Kiingereza cha Kale mkono wa kulia uliitwa swithre, yaani ule wenye nguvu zaidi. Right iliufikia mkono baadaye. Waswahili waliuita mkono huohuo kwa kazi yake, mkono wa kulia chakula, na wengine wakauita mkono wa kuume. Kila lugha iliufikia mkono kwa njia yake, na njia hiyo ndiyo inayoamua maneno gani mengine yatakuwa jamaa zake.

2. Pravo na haki

Ugumu halisi umo katika nomino. Pravo ni haki aliyo nayo mtu, lakini pia ni sheria kama mfumo: mezhdunarodnoye pravo ni sheria ya kimataifa. Neno letu haki, lenye asili ya Kiarabu, nalo lina upana wake. Ni stahili ya mtu, na pia ni uadilifu katika kuamua. Uadilifu huo Mrusi huuita spravedlivost, neno ambalo nalo limezaliwa na mzizi prav-. Kwa hiyo pravo imeegemea upande wa sheria, na haki imeegemea upande wa uadilifu. Mfasiri atakayechukua maana ya kwanza anayoiona katika kamusi ataandika "haki ya kimataifa" palipotakiwa "sheria ya kimataifa", na msomaji wake atafikiria jambo jingine kabisa.

3. Sarufi kama mlinzi wa maana

Je, wazungumzaji wenyewe hutofautishaje maana hizi? Katika Kirusi, wingi prava huhusu haki za watu, na katika mazungumzo ya kawaida huitwa hivyo hata leseni ya udereva. Pravo yenye maana ya sheria kama mfumo haina wingi.

Katika Kiswahili nomino haki haibadiliki umbo, kwa kuwa imo katika ngeli ya N-N. Kazi hiyo hufanywa na upatanisho wa kisarufi. Tukisema "haki zake zimekiukwa", tunahesabu stahili. Tukisema "haki imetendeka", tunazungumzia uadilifu, ambao hauhesabiki. Hata hivyo, umoja peke yake hautoshi, kwa maana twasema pia "ana haki ya kukata rufaa". Hapo maana huonyeshwa na muundo mzima: kuwa na haki ya kutenda jambo fulani.

Sasa tuitazame sentensi hii: "Mlalamikaji amenyimwa haki." Je, amenyimwa stahili mojawapo, au hakutendewa uadilifu? Mrusi angelazimika kuchagua: yego lishili prava kwa maana ya kwanza, au s nim postupili nespravedlivo kwa maana ya pili. Kiswahili kinaturuhusu kutochagua. Mahakamani ruhusa hiyo ina gharama. Anayedai stahili hana budi kutaja kifungu kinachompa. Anayelalamikia uadilifu anaushutumu mwenendo mzima wa shauri. Mwandishi makini ataandika "amenyimwa haki yake ya kusikilizwa" au "hakutendewa haki", na utata utaondoka.

4. Hitimisho

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria nyingi zilitungwa kwa Kiingereza, na right imo humo mara nyingi. Kidahizo kinachofuatwa na "haki, sahihi, kulia, sawa" vilivyotenganishwa kwa mkato hakimsaidii mfasiri wa sheria hizo. Anahitaji kuonyeshwa kila maana pamoja na upatanisho wake, kitenzi chake na mfano wake. Nawasihi wanafunzi wa leksikografia waifanye kazi hiyo, neno kwa neno, wakianza na maneno ambayo kosa lake humwangukia mtu asiyekuwapo wakati wa kufasiri: yule anayesimama kizimbani akisubiri hukumu.