Kujitolea Ng'ambo kwa Ajili ya Wanyamapori: Ya Kujua Kabla ya Kuuza Ng'ombe

Maelezo yaliyotolewa kwa vijana na wazazi wa Homa Bay na Migori

 

Jambo linalozungumzwa leo huanza kwa namna moja katika nyumba nyingi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, au aliyetoka chuoni, anaingia na simu mkononi. Kwenye simu kuna picha ya mtu amepakata mtoto wa simba, na tangazo kwamba shirika fulani la ng'ambo linatafuta watu wa kujitolea kuwatunza wanyamapori. Malazi yapo, chakula kipo, barua ya mwaliko itatumwa. Kinachosubiriwa ni ada tu. Jioni hiyo baba na mama wanakaa kuhesabu ng'ombe.

Maelezo haya hayakusudii kumzuia kijana kusafiri. Watu wa ziwa hili wamezoea kuvuka maji kutafuta riziki na elimu. Kinachotakiwa ni kijana ajue anakwenda kufanya nini, nani anapokea pesa zake, na atarudi na nini. Kwa sababu hiyo inafaa kuanzia nyumbani, pale Lambwe.

Mbuga ya Kitaifa ya Ruma ina ukubwa wa kilomita za mraba 120. Ilitengwa mwaka 1966 kama hifadhi ya bonde la Lambwe, na mwaka 1983 ikafanywa mbuga ya kitaifa. Ndani yake wamo twiga na vifaru weusi. Yumo pia korongo, yule swara mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma na uso wa rangi nyeusi na nyeupe, ambaye wengi wanamjua kwa jina la roan. Barani Afrika korongo bado wapo katika nchi nyingi. Nchini Kenya wamebaki Ruma peke yake. Zamani walionekana hata Masai Mara; sasa huko hawapo. Sensa ya kwanza ya kitaifa ya wanyamapori, iliyofanywa mwaka 2021, iliwahesabu korongo 15. Madarasa mengi ya shule za msingi katika kaunti hizi yana watoto wengi kuliko hao.

Yuko na mgeni mwingine Ruma ambaye watu wachache wanamtambua: mbayuwayu wa buluu. Ndege huyu hutaga na kulea makinda yake kusini mwa Tanzania na katika nchi zilizo kusini zaidi, kisha anakuja kukaa kwenye nyasi za huku kwa miezi kadhaa, kuanzia mwezi wa nne hivi. Haombi viza. Lakini nyasi zikilimwa upande mmoja wa safari yake, upande wa pili nao utamkosa. Kwa ndege kama huyo, kazi ya uhifadhi haina budi kuvuka mpaka, na ndiyo maana watu kutoka nchi mbalimbali hufanya kazi hiyo pamoja.

Sasa, wageni wanaokuja kujitolea na wenyeji wanaobaki, kila mmoja ana kazi gani? Kisa cha Gombe kinajibu, na kisa hicho kina uhusiano na Homa Bay. Mwaka 1948, katika Kisiwa cha Rusinga, Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya nyani ambalo lilisomwa na wanasayansi wa dunia nzima. Mumewe, Louis Leakey, ndiye aliyempeleka Gombe msichana wa Kiingereza aitwaye Jane Goodall, kando ya Ziwa Tanganyika, ili awachunguze sokwe. Goodall alifika huko mwezi wa Julai mwaka 1960. Wakati huo hakuwa na shahada. Alikuwa na daftari, darubini na subira.

Kufikia miaka ya 1970, Gombe ilikuwa na wanafunzi wengi kutoka Marekani na Ulaya waliokuja kusaidia utafiti. Mwezi wa Mei mwaka 1975, watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire usiku na kuwateka wanafunzi wanne. Wote waliachiliwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni wakaondolewa Gombe. Wengi wangedhani kazi ingekufa hapo. Haikufa. Watanzania wa vijiji vya karibu, waliokuwa wameajiriwa kama wasaidizi wa utafiti, waliendelea kuamka alfajiri, kuwafuata sokwe msituni na kuandika walichokiona. Miongoni mwao alikuwa Hilali Matama, aliyekuwa ameifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1960. Utafiti wa Gombe unahesabiwa leo kuwa miongoni mwa tafiti ndefu kuliko zote za wanyama wa porini, na haukukatika kwa sababu wenyeji walikuwa tayari wanaijua kazi.

Hilo ndilo la kushika katika maelezo haya yote. Mgeni anayejitolea huja na kuondoka. Kazi inashikiliwa na anayebaki. Kijana wa Ndhiwa au Nyatike anayetaka kwenda ng'ambo aende kama mtu anayetumwa kuleta ujuzi nyumbani, si kama mtu anayekwenda kupiga picha.

Ujuzi upi? Mfano mmoja unatoka Afrika Kusini, na unamhusu korongo mwenyewe. Katika Mbuga ya Kruger, mwaka 1986 walikuwako korongo wapatao 450. Kufikia mwaka 1993 walikuwa wamebaki kama 45. Hawakumalizwa na majangili. Watunzaji wa mbuga walikuwa wamechimba visima na mabwawa ili wanyama wasife kiu. Maji yale yakawavuta punda milia wengi hadi sehemu kavu ambako zamani hawakukaa. Punda milia wakawavuta simba. Simba wakawala korongo, ambao walikuwa wamezoea kuishi mbali na simba. Nia ilikuwa njema kabisa, na iliwaangamiza waliokusudiwa kusaidiwa. Baadaye baadhi ya visima vile vilifungwa. Kijana atakayejifunza somo la namna hiyo, ajue kuhesabu wanyama, kusoma nyayo na majani, na kuandika kumbukumbu zisizo na uongo, atakuwa wa faida kwa mbuga yenye korongo wachache hivyo.

Hiyo ndiyo faida ya safari. Sasa hatari zake.

Kwanza, mtu wa kujitolea halipwi mshahara. Mara nyingi yeye ndiye anayelipa. Shirika la Earthwatch la Marekani, kwa mfano, tangu mwaka 1971 limekuwa likiwapeleka watu wa kawaida kusaidia wanasayansi nyikani, na watu hao huchangia gharama. Kwa hiyo kuombwa ada si ushahidi wa wizi. Ushahidi uko kwenye majibu ya maswali haya: Ada inalipia nini hasa? Inakwenda kwenye akaunti ya shirika au kwenye simu ya mtu binafsi? Mradi uko katika mbuga ipi, na wenye mbuga hiyo wanautambua? Mtafiti anayeuongoza ni nani, na amewahi kuchapisha nini? Wenyeji wa hapo wameajiriwa? Shirika la kweli hujibu maswali hayo bila kukasirika. Tapeli husema nafasi zimebaki mbili na mwisho wa kulipa ni leo jioni.

Pili, ukiahidiwa mshahara, hiyo si kujitolea tena. Hiyo ni ajira, na ajira ya ng'ambo ina taratibu zake. Wakala anayewapeleka Wakenya kazini nje ya nchi anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na mwananchi anaweza kuulizia huko kama wakala fulani yumo kwenye orodha. Mkataba uonekane kabla ya safari, si baada ya kufika. Yeyote anayemwambia kijana aingie nchi ya watu kwa viza ya utalii kisha "mambo yatapangwa huko" anampeleka mahali ambapo hawezi kudai haki yake. Nchi nyingi haziruhusu mwenye viza ya utalii kufanya kazi, na nyingine huhesabu hata kujitolea kuwa ni kazi. Akifika huko na kunyang'anywa pasipoti, hayo si masuala ya wanyamapori tena. Ni biashara haramu ya binadamu, na Kenya ina sheria ya kuikabili tangu mwaka 2010. Familia isione haya kupiga ripoti polisi.

Tatu, ile picha ya mtoto wa simba. Huko Afrika Kusini kulikuwa na mashamba yaliyowatoza watu wa kujitolea pesa ili wawanyonyeshe watoto wa simba kwa chupa, wakiambiwa kwamba ni mayatima na kwamba watarudishwa porini. Filamu iitwayo Blood Lions, ya mwaka 2015, ilionyesha kwamba simba waliokuzwa katika biashara hiyo waliishia kuuzwa wapigwe risasi na wawindaji ndani ya uzio. Mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba inakusudia kuikomesha biashara hiyo. Simba aliyezoea kubebwa na watu hana kwa kurudi. Mradi unaojitangaza kwa kupakata na kubusu wanyama wa porini, uepukwe. Kazi ya kweli ya uhifadhi ni ya kutembea juani, kuhesabu, kuandika, kung'oa mitego ya nyaya na kuzungumza na wanavijiji. Haina picha nzuri sana.

Wako pia wanaosahau kwamba ng'ambo iko karibu. Mkazi wa Migori akivuka Isebania ameshaingia nchi nyingine, tena katika mkoa wa Mara, jirani wa Serengeti. Ruaha, katikati ya Tanzania, ina korongo. Chuo cha wanyamapori cha Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, kimekuwa kikifundisha maofisa wa uhifadhi wa Afrika tangu mwaka 1963. Kiswahili kinatosha kumfikisha kijana huko na kumfanya aelewane na watu. Lakini ujirani hauondoi sheria: hata Tanzania, anayekwenda kufanya kazi au kujitolea aulizie kibali kwanza. Pasipoti iombwe mapema kupitia eCitizen, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe mfukoni.

Kabla ya hayo yote, kijana ajitolee hapa. Mradi mzuri wa ng'ambo utamuuliza amewahi kufanya nini, na jibu linaweza kutoka Lambwe au Muhuru. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina ofisi Ruma. Mwanafunzi wa chuo anaweza kuomba nafasi ya mafunzo ya kazi. Kule Naivasha iko Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori. Na kuna kazi isiyohitaji barua wala nauli. Mkulima wa Karungu ambaye kiboko amemlia mahindi usiku ana nafasi ya kudai fidia chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, lakini wazee wengi hushindwa na fomu. Kijana atakayekwenda asubuhi kupiga picha za nyayo na shamba, kuandika tarehe, kumsaidia mzee kujaza fomu na kuhakikisha ripoti imefika KWS, amefanya kazi ya uhifadhi. Mzee aliyesikilizwa hamwekei kiboko sumu.

Wakazi wa bonde la Lambwe hawahitaji kuhubiriwa kuhusu gharama za kuishi na wanyama. Mbung'o wa bonde hilo waliwaletea watu malale na kuwaua ng'ombe kwa nagana. Watu walihama, wengine wakazikwa. Ilichukua miaka mingi ya kutega mbung'o kwa vitambaa vya buluu na vyeusi, kupima damu na kutibu, hadi mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena nchini Kenya. Wataalamu kutoka nje walisaidia. Lakini aliyeamka kuangalia mtego ulioko mpakani mwa shamba lake alikuwa mwenyeji.

Basi mzazi, kijana akija na simu yake, usimfukuze na usikimbilie zizini. Kaeni pamoja mpitie yale maswali moja moja. Majibu yakikosekana, ng'ombe abaki. Yakipatikana, mwulize swali la mwisho: ukirudi, utawafanyia nini wale korongo wachache wa Ruma?

Akiwa na jibu, mpe baraka zako aende.