Tuzitazame Nyota, Tusiziulize Majaaliwa Yetu



Mwezi wa Januari, upepo wa kaskazi unapovuma na joto kuwa kali pwani kwetu, anga la usiku hupambwa kwa nyota zing'aazo sana. Atokaye msikitini baada ya sala ya Isha, na asimame mahali penye giza, ainue macho.

Juu, upande wa kaskazini, ataona Kilimia, kishada cha nyota ndogo ambacho wakulima wa kale walijulia majira ya kulima. Mashariki zimo nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Chini yake yang'aa Shi'ra, iliyo angavu kuliko nyota zote za usiku; nuru yake hutufikia baada ya miaka 8.6 hivi. Kusini-mashariki ni Suheli, ya pili kwa mwangaza, ambayo jina lake mabaharia wetu walilitumia hata kwa maana ya kusini. Nuru yake husafiri takriban miaka 310.

Ndugu zangu, baadhi ya Waarabu wa zama za ujahiliya waliiabudu Shi'ra. Kurani Tukufu, katika Sura An-Najm, ikatangaza kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mola wa Shi'ra. Tena, alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume s.a.w., jua lilipatwa; wanafalaki wamehesabu kuwa ilikuwa tarehe 27 Januari 632. Watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume s.a.w., ingawa alikuwa baba mwenye huzuni, hakukubali. Aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu, wala havipatwi kwa kufa au kuishi kwa mtu yeyote.

Basi inasikitisha kuona hata leo mzazi akichukua fedha za kumpeleka mtoto hospitali na kumpa mpiga ramli amtazamie nyota. Nuru ya Suheli tuionayo usiku huu iliondoka huko karne tatu kabla mtoto huyo hajazaliwa. Itabebaje habari za homa yake?

Elimu ya falaki humwonyesha baharia njia na humzidishia muumini unyenyekevu. Ramli humpotezea mtu mali, na pengine mwana. Tuwafundishe watoto wetu majina ya nyota, na mgonjwa tumpeleke kwa tabibu huku tukimwombea.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yaonayo na akili zizingatiazo. Amin.