Ngeli Mbele ya Roboti

Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na Kerenge, kata ya Wilaya ya Korogwe, imo miongoni mwa kurasa zake. Kurasa hizo huhaririwa na watu, na pia na roboti. Pywikibot, kwa mfano, hupokea amri ya mstari mmoja, kisha hubadili neno katika mamia ya kurasa.

Ichukuliwe kwamba amri yaagiza "kijiji" pawe "kata". "Kijiji hiki cha Kerenge kina shule" yageuka "kata hiki cha Kerenge kina shule". Mtoto wa Korogwe angecheka, mashine haicheki. Kwa Kiingereza amri hiyo isingeharibu kitu, kwa kuwa lugha hiyo haina ngeli.

Wakala wa akili mnemba, ajitungiaye amri mwenyewe, huenda akapatanisha ngeli sawasawa. Hata hivyo, sarufi haimwambii kama sentensi ile ilikusudia kijiji au kata. Ndiyo maana roboti huombewa idhini ya wanajumuiya, na kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa pamoja na jina la akaunti iliyolifanya. Kulitengua ni kazi nyepesi. Kulitambua kwahitaji msomaji wa Kiswahili aliye macho, na wahariri wa namna hiyo bado ni wachache.