Ahueni Haipimwi kwa Ukimya
(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri na wakazi wa kata za milimani)



Nimekuja na swali moja: mwenzetu mwenye skizofrenia anaporudi kutoka hospitali, tutajuaje kwamba anapata ahueni?

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili. Mgonjwa huweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kuamini mambo yasiyokuwapo, au kujitenga na wenzake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa wapatao milioni 24 duniani, yaani takriban mtu mmoja katika kila 300. Si laana, wala si aibu ya ukoo.

Mkoa wetu una historia katika jambo hili. Katika miaka ya 1980, Morogoro na Kilimanjaro ndiyo mikoa iliyojaribia mpango wa taifa wa afya ya akili, ili mgonjwa atibiwe karibu na kwao badala ya kutegemea Mirembe, Dodoma.

Hata hivyo, tiba ya karibu haitoshi iwapo kipimo chetu ni kusema tu, "Siku hizi ametulia." Aliyefungiwa chumbani naye ametulia. Aliyelemewa na dawa hata hawezi kushika jembe, naye ametulia.

Wataalamu hutofautisha mambo mawili. Kupungua kwa dalili hupimwa na daktari. Ahueni ya maisha, mwenyewe ndiye shahidi wake. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza waliitaja kwa nguzo tano: ushirika na watu, tumaini, kujitambua, maana ya maisha, na uwezo wa kujiamulia. Liko dodoso lililotungwa huko lenye sentensi 15. Mgonjwa hujipa alama 0 hadi 4 kwa kila sentensi, jumla isizidi 60. Hapa nchini, mradi wa KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliwakutanisha wagonjwa na ndugu zao Muhimbili na Mbeya, na ukapima pia ubora wa maisha yao.

Kipimo hiki kina mtego wake. Kwa adabu yetu, hata mwenye homa hujibu "sijambo." Mgonjwa naye aweza kujibu ili kumridhisha anayemlisha. Basi tuulize juu ya matendo, na ikiwezekana aulize asiyeshika ufunguo wa chumba chake. Wiki hii umezungumza na nani ukafurahi? Watani wanakutania kama zamani? Ukoo ulipogawa mashamba, uliitwa kikaoni, ukasikilizwa? Fedha ya ndizi zako inaamuliwa na nani? Msimu ujao unatamani kulima nini?

Maswali haya hayachukui nafasi ya daktari. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Zikimlemea, tumsindikize zahanati au kituo cha afya aeleze mwenyewe, nasi tumwachie aseme.

Ndugu wananchi, dawa huweza kunyamazisha sauti za ugonjwa. Sauti ya mtu mwenyewe tusiinyamazishe sisi. Yule atakayetujibu, "Sijapona bado, lakini mwaka huu nitapanda maharage yangu," huyo ametupa kipimo cha kweli.